Uji, Waya na Mrija wa Mzee Laurenti

Nimestaafu nikiwa na umri wa miaka thelathini na mbili. Wenzangu hospitalini waliagiza keki Ngara mjini, wakamwambia mwokaji aandike juu yake "Pumzika salama, bibi yetu". Mwokaji akawapa pole na kuuliza mazishi ni lini.

Sikufukuzwa, na sikuiba kifaa chochote. Glovu za mpira ndizo zilizonistaafisha. Kwanza zilinipa vipele, halafu mikono ikawa inavimba, mwisho kifua kikaanza kubana kila nilipofungua boksi jipya. Zipo glovu za aina nyingine, lakini hospitali yetu iko mbali, na vitu vya aina nyingine huwa vinaishia njiani. Daktari akaandika kwamba nisizisogelee tena. Basi, msaidizi wa kiti cha meno asiyeweza kuvaa glovu atasaidia nini? Kusalimia wagonjwa?

Nawaandikia ninyi mnaobaki na mnaoanza, ingawa baadhi yenu mmenizidi umri na mtaniita bibi kwa kejeli. Niseme ukweli wangu mapema, kwa kuwa wote mnaujua: mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango, lazima nirudi kuusukuma. Nikichemsha vifaa, nasimama kando ya sufuria kana kwamba vitatoroka. Mliniita Inspekta, na najua halikuwa jina la sifa. Hata aya hii nimeiandika upya mara nyingi kuliko ninavyotaka mjue.

Kazi hii sikuisomea chuo. Nilianzia Nyakahura, kule Biharamulo, kwenye zahanati iliyo karibu na barabara. Niliajiriwa kufagia. Siku za soko wafugaji walikuja na mashavu yaliyovimba, wengine wakiwa wameshapitia kwa fundi baiskeli wakajaribiwa kwa praisi. Tabibu wetu alikuwa mzee asiyependa kutaja majina ya vifaa. Aliinua kidevu tu.

"Nipe ile."

"Ipi, baba?"

"Ile!"

Nikachoka kukisia. Nikaanza kusoma maandishi ya kwenye maboksi, nikatafuta picha kwenye simu, nikaomba taya la mbuzi kwa mchinjaji na kulitumia kujifunza meno nyumbani. Jirani zangu walidhani nimeanza uganga, na mmoja alikuja kwa siri kuuliza kama nina dawa ya mume. Siku niliyoruhusiwa kupanga vifaa kwa mara ya kwanza, nilivipanga kwa urefu, kirefu mbele na kifupi nyuma, vikapendeza sana. Tabibu akavitazama.

"Binti, tunang'oa jino au tunapiga picha ya darasa?"

Tangu hapo nimevipanga kwa jinsi vinavyotumika, kitakachotangulia kikiwa karibu na mkono. Nanyi fanyeni hivyo. Vikipendeza pia, si dhambi.

Nilipohamia Ngara nilikuta watu watatu ambao bila wao nisingekuwa na la kuandika. Wa kwanza ni Dada Konsolata, muuguzi wa wodi ya wanaume, mzaliwa wa Murukulazo, mwenye mwili mwembamba na sauti ya kutosha watu wanne. Yeye ndiye aliyenilea. Siku yangu ya kwanza alinikuta nikisugua kioo cha meno kwa mara ya tatu, akakichukua mkononi mwangu taratibu.

"Mdogo wangu, kikishakuwa safi kiache. Hakiendi mbinguni."

Wa pili ni Daktari Kato, tabibu wa meno, mpole, mwenye koti lisilojua pasi. Wa tatu ni Salimu, mfamasia, ambaye familia yao ya wafanyabiashara ilitoka pwani zamani na bado inauza vitenge na vyombo mjini. Salimu alikuwa nadhifu kama bahasha mpya. Alifanya kazi nyuma ya dirisha la nondo, akawa anawajua wagonjwa kwa vidole tu. Siku moja tulipita naye sokoni akasalimiwa kwa furaha na mama mmoja, akamtazama usoni asimjue kabisa, mpaka mama alipomnyooshea mkono. "Ah! Presha!" akasema Salimu.

Wote watatu walikuwa wazuri katika kazi zao, na walikutana kwenye chai tu, ambako walizungumzia mpira. Daktari alipita wodini asubuhi akaondoka. Konsolata alibaki na mgonjwa. Salimu alipokea cheti dirishani. Mimi nilizunguka katikati na vifaa vyangu, nikibeba maneno ya watu ambao wangeweza kuongea wenyewe. Tuliishi hivyo, na hakuna aliyeona kasoro, mpaka alipoletwa Mzee Laurenti.

Mzee Laurenti alitoka Bugarama. Alikuwa akishuka mlima kwa baiskeli iliyobeba mikungu ya ndizi, breki zikakataa. Ndizi zilifika salama. Yeye alifika na taya la chini limevunjika. Daktari Kato alilirudisha mahali pake, kisha akafunga meno ya juu na ya chini pamoja kwa waya ili taya litulie na kuunga. Kwa majuma kadhaa Mzee asingeweza kufungua mdomo. Angekula vya majimaji, vinavyopita kwenye mwanya wa jino lililokuwa limeng'oka zamani.

Mgonjwa wa namna hii ana hatari moja kubwa kuliko zote, na naomba msiisahau. Akitapika, matapishi hayana pa kutokea. Yanaweza kurudi kwenye njia ya hewa yakamuua mbele ya macho yenu. Kwa hiyo koleo la kukatia waya hukaa kitandani kwake usiku na mchana. Nililifunga kwenye chuma cha kitanda kwa utepe mwekundu, nikamweleza mke wake, Bi Anastazia, kwa Kiswahili kirefu cha mabango ya ukutani: dharura, njia ya hewa, kifaa tiba. Bi Anastazia aliitikia kwa adabu kila nilipomeza mate.

Shida ya kwanza ilikuwa chakula. Mrija wa soda ulikuwa mwembamba, uji ukiganda ndani unaziba, ukitengenezwa mwepesi unakuwa maji ya kunawia. Mzee alikonda mpaka pete ikamtoka kidoleni. Daktari Kato akasema kwenye chai kwamba hali ikiendelea hivyo atampeleka Mwanza.

"Ukimpeleka Mwanza atakufa kwa hofu kabla ya kivuko," alisema Konsolata. "Kwani kwetu hakuna mirija?"

Alimaanisha mirija ya mtete, ile mirefu ya kunywea pombe ya mtama, ambayo Wahangaza, wenyeji wa Ngara, wanaiita umuheha. Ipo ya aina mbili: mrija wenye kichujio chini, cha kuzuia makapi ya mtama, na ulio mtupu. Mtupu ni mpana, uji wa karanga unapita kama treni. Daktari Kato akafurahi. Salimu akauliza unasafishwaje, na hapo wasiwasi wangu ukapata kazi. Nikauchukua wa kwanza nikauchemsha pamoja na vifaa vya chuma, kwa muda uleule, mpaka ukalegea kama tambi. Bi Anastazia aliuinua kwa vidole viwili.

"Mwanangu," akasema, "umeupika."

Tukakubaliana kuimiminia maji yaliyochemka na kuianika juani dirishani. Mzee akaanza kunywa uji, maziwa na mchuzi wa maharage uliochujwa. Mashavu yakarudi. "Hata tone halijabaki," Bi Anastazia alituonyesha jagi kila siku, na sisi tukajisifu kwenye chai mpaka mpira ukasahaulika.

Halafu, Jumatatu moja, Mzee akaamka na kichefuchefu. Uso umemwiva, moyo unamwenda mbio, mkono mmoja tumboni. Na hapa ndipo tulipokuwa watu wa ajabu. Daktari Kato alipita, akadhani ni usaha kwenye fizi, akasisitiza aendelee na metronidazo, dawa ya usaha aliyokuwa ameanza kupewa. Konsolata akadhani karanga zimeingia ukungu, akaagiza uji usiwe na karanga. Salimu, aliyepewa habari dirishani, akadhani dawa inaingia kwenye tumbo tupu, akaagiza uji uwe mzito na wenye karanga. Mimi nilidhani ni mirija, nikamwambia Bi Anastazia aitupe yote akate mingine. Mama wa watu akajitahidi kututii wote. Kesho yake Mzee alikuwa na hali mbaya zaidi, na jagi lilikuwa na uji wenye karanga upande mmoja. Jinsi alivyofanya hivyo hadi leo sijui.

Konsolata alipoliona lile jagi alilinyakua. Akaenda mpaka dirisha la dawa.

"Salimu, toka kwenye tundu lako uje kitandani. Kato anakuja, na Inspekta yupo. Kila mtu aseme alichoagiza, mwenzake asikie."

"Dada Konso, mimi si mtu wa wodini."

"Hata mgonjwa si mtu wa wodini. Ana kwao Bugarama. Njoo."

Tukasimama kuzunguka kitanda, wanne, kama watu waliokuja kuposa. Salimu alimwamkia Bi Anastazia, akaitikiwa marahaba, lakini mama alikuwa akimtazama mikono. Ndipo akamtambua mtu wa dirishani.

"Mama, samahani, nauliza tena. Mzee anatumia kileo?"

"Si ulishaniuliza dirishani, nikakujibu? Mdomo umefungwa, atakunywaje?"

Lilikuwa jibu zuri, na siku alipolitoa mara ya kwanza lilikuwa kweli. Lakini Konsolata hakuwa akisikiliza. Alikuwa akiitazama mirija iliyoanikwa dirishani. Akautoa mmoja. Ulikuwa mbichi bado, na chini ulikuwa na kichujio.

"Bibi," akasema, safari hii kwa Kihangaza, kisha akaturudishia kwa Kiswahili, "mrija wa kichujio ni wa uji gani?"

Mzee Laurenti akafumba macho, kama mtoto anayeamini kwamba asipoona haonekani.

"Ni wa wageni," alisema Bi Anastazia. "Wadogo zake walikuja Jumapili."

"Mikono mitupu?"

"Na kidumu. Kidogo tu. Kiko hapo chini."

Salimu alikuwa karibu zaidi, akainama akakitoa kidumu uvunguni, akakinusa kwa makini ya kitaalamu. "Huu ni uji uliochacha," akatangaza.

"Salimu, Mungu azidi kukulinda," alisema Konsolata. "Hiyo ni pombe ya mtama."

"Kumbe inanukia hivi?" Akanusa tena, kisha uso ukambadilika. "Daktari, yuko kwenye metronidazo. Haipatani na pombe hata kidogo. Itamtapisha."

Daktari Kato aliyatazama meno yaliyofungwa kwa waya. "Atapikie wapi?"

Mzee Laurenti akafumbua macho. Tumbo likapanda, shingo ikakaza, na sauti iliyomtoka puani sipendi kuikumbuka.

"Koleo!"

Niliugeukia utepe wangu mwekundu. Ulikuwepo, umefungwa vizuri, fundo langu lilelile. Koleo halikuwepo.

"Lile?" Bi Anastazia alisema. "Liko jikoni. Linaepulia sufuria vizuri. Nilidhani mmetuwekea."

Jiko la ndugu wa wagonjwa liko nyuma ya wodi, banda la mabati lenye mafiga. Nilikimbia. Koleo nililikuta mikononi mwa mama wa kitanda cha jirani, likiwa limeng'ata sufuria ya maharage iliyokuwa njiani kutoka motoni.

"Nipe!"

"Na sufuria nishikie wapi?"

Nikalivuta. Maharage yalikwenda chini, na alichonitukania nimekisamehe. Koleo lilikuwa la moto, jeusi kwa masizi, na kwenye meno yake kulikuwa na ganda la kitunguu. Nikirudi nilipita mlango wa chumba cha kuchemshia, na nakiri mbele yenu wote kwamba miguu yangu ilikata kona kuingia. Maisha yangu yote sikuwa nimempa daktari kifaa kichafu. Maji yalikuwa yakichemka pale pale, nayasikia. Ningelizamisha kidogo tu, kidogo.

Kisha nikasikia Konsolata anaita jina langu halisi, si Inspekta.

Nikaingia wodini na masizi yangu. Konsolata alikuwa amemlaza Mzee ubavu, kichwa kimening'inia nje ya godoro. Salimu, mtu wa dirisha, alikuwa amepiga magoti sakafuni akikishika kichwa kile kwa mikono miwili, huku akikanyaga kwa goti pampu ya kufyonzea ambayo hakuwahi kuigusa, kwa sababu Konsolata alimwambia akanyage. Daktari Kato alinyoosha kiganja bila kugeuka. Nikamwekea koleo. Hakulitazama. Waya ukakatika, na mwingine, na mwingine, mdomo ukafunguka, na yote yaliyokuwa ndani ya Mzee Laurenti yakamwagikia koti jeupe la Salimu.

Tukasubiri. Mzee akavuta pumzi moja ndefu yenye mikwaruzo. Akavuta nyingine. Bi Anastazia alikuwa amekaa chini, kitenge mdomoni. Aliyesema wa kwanza ni Mzee mwenyewe, kwa taya lililolegea.

"Mmeimwaga yote?"

"Yote anayo Salimu," alijibu Konsolata, na akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

Waya ulipaswa kurudishwa, maana taya lilikuwa halijaunga. Mzee Laurenti akakataa. Daktari alimbembeleza, Salimu akamweleza habari za dawa na pombe kwa ufasaha mkubwa, mimi nikamwahidi vifaa vilivyochemshwa mara mbili. Akakataa. Konsolata ndiye aliyekaa kitandani na kumuuliza, kwa Kihangaza, pombe ile alikuwa na kiu nayo kiasi gani.

"Sikuwa na kiu," alisema Mzee. Alizungumza polepole, kiganja kikishika kidevu. "Deo, mdogo wangu, alikuja na wenzake. Wakaweka kidumu, wakatoa mirija. Mimi nimelala tu nawatazama. Akamuuliza mke wangu migomba yangu itapaliliwa na nani msimu huu. Nikiwa hapo hapo! Mwanamume akiwa hana mrija kwenye pombe ya nduguze, wameshamtoa. Basi nikautoa wangu. Nilikunywa ili wanione."

Hakuna kati yetu aliyekuwa na cheti cha kutibu hilo. Aliyesema ni Salimu, akiwa bado na fulana ya ndani.

"Babangu alipougua alikuwa anaagiza kahawa ya wageni kila alasiri, na yeye mwenyewe amekatazwa. Kikombe chake kilijazwa maji ya moto. Nani alijua?" Akamgeukia Konsolata. "Ule mtama usipoachwa ukachacha, si ni togwa?"

Tangu hapo, kwa kila mgonjwa mgumu tumesimama kitandani pamoja, na anayempikia mgonjwa husimama nasi na huulizwa kwanza, kwa lugha yake. Salimu huja kila anapoitwa, siku hizi na koti la akiba. Makoleo nayo yakawekwa mawili, la jikoni na la kitandani, kwa sababu tuligundua kwamba hoja ya Bi Anastazia kuhusu sufuria ilikuwa na uzito. Mkiniuliza nimewaachia nini, nimewaachia hayo. Msiyarudishe kwenye chai.

Mzee alikubali waya baada ya kuelezwa mpango. Jumapili iliyofuata wadogo zake walipofika, walimkuta nyuma ya wodi karibu na lile banda la jiko, amekaa kwenye kiti chenye mgongo, shati limepigwa pasi, jagi lake mwenyewe la togwa mapajani na mrija wake mwenyewe wa kichujio. Wao waliwekewa chungu chao pembeni, mirija imesimama ndani. Nasi tulikaa: Daktari, Konsolata, Salimu, na mimi nimeshika koleo chini ya kitenge.

Deo alivuta mara moja, akakunja uso.

"Hii haijaiva."

"Imeiva kadiri ya hospitali," alisema Konsolata.

"Ni pombe gani isiyouma?"

"Nimeiidhinisha mimi," alisema Salimu kwa sauti ya dirishani. "Mfamasia." Kisha akautia mrija wake chunguni akavuta kwa furaha, mtu ambaye hakuwahi kualikwa kwenye chungu chochote maishani.

Deo akavuta tena, kwa heshima ya wenyeji, kisha akajisogeza kwenye kiti cha kaka yake. "Kaka, tunashukuru umepata nafuu. Sasa ile migomba ya bondeni, tulikuwa tunasema kwamba labda..."

Mzee Laurenti hakuweza kumjibu, meno yalikuwa yamefungwa. Alimtazama mdogo wake machoni, akauweka mrija kwenye mwanya wa jino, akavuta. Akavuta bila kupepesa, mashavu yakizama, mpaka jagi likaanza kukoroma chini na hata makapi yakasikika yakigonga kichujio. Akaligeuza juu chini kuonyesha kwamba ni tupu. Kisha akalinyoosha mbele ya uso wa Deo, akangoja.

Deo alilitazama jagi. Akamtazama kaka yake. Akasimama, akalipokea kwa mikono miwili, akaenda kumjazia.